Mwanya

Miaka mitatu mama aliniamsha kwa kugonga sufuria,
si kwa jina. Jina, alisema, usiku wa manane
huitikiwa na wasioitwa.

Saa tisa na nusu. Maji ya ndoo, chai ya rangi.
Natoka Msongola gizani na boksi la plastiki kifuani:
meno ishirini na nane ya watu nisiowajua,
yameoshwa, yamelowekwa, yanagongana
kama karanga kwenye chupa.
Mlinzi wa getini aliomba kukagua mara moja tu.

Nyuma ya daftari la anatomia nikapiga hesabu:
saa tano njiani kwa siku, siku ishirini na mbili,
saa mia na kumi kwa mwezi.
Nikamsomea baba. Akachokonoa meno kwa njiti, akawaza.
"Barabara haidai miezi sita kwa mkupuo," akasema.
Mama hakusema kitu. Wiki ile ile
akabadilishana zamu ya upatu na Mama Shukuru,
akanifungulia pindo la khanga:
noti, bado zina joto lake.

Basi nikahamia Upanga, banda la uani
nyuma ya nyumba ya Bi Shirini,
mimi na Kokushubira na godoro moja.
Choo cha wote, jiko marufuku, wageni mwisho saa mbili.
Ila mpaka kliniki ni dakika tisa kwa miguu.
Dakika tisa!
Nililala hadi kunguru wakachoka kupiga kelele.
Nilichonga gego la nta mara nne kwa jioni moja
mpaka Dokta Mbwambo akaligeuzageuza kwenye mwanga,
akasema, "Hili linatafuna."

Nilinenepa. Nilifaulu.
Koti langu lilinuka mafuta ya karafuu
hata Koku, akiingia, huuliza pilau liko wapi.

Nyumbani nilikwenda kila Jumapili.
Kisha Jumapili mojamoja.
Kisha simu.

Mama ana mwanya. Baba anasema ndio uliomtoa Kisarawe
kwa miguu, na mahari ya kukopa.
Darasani mwanya una jina refu
na waya wa kuufunga.
Niliandika hilo jina, nikapata alama yake,
nikatoka nje nikapiga simu nyumbani bila sababu.
Haikupokelewa.

Idi, nimekaa naye jikoni.
Muhogo ameuchemsha hadi unakaribia uji.
Anatafunia kulia tu,
tonge analisogeza kwa ulimi, taratibu,
kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala.
"Tangu lini?"
"Kula."
"Mama, tangu lini?"
"Tangu Maulidi. Ulikuwa na mitihani."

Nikamsogeza dirishani, nikamfungua mdomo.
Gego la chini, kushoto. Shimo.
Na ndani ya shimo kikonyo cha karafuu
alichokishindilia mwenyewe.
Harufu ile ile ya koti langu.

Ningekuwa bado nakula naye kila usiku
ningeliona siku ya pili.
Au nisingeliona: usiku ule wa zamani
nilikuwa nasinzia na tonge mkononi,
yeye ndiye akinishika kichwa kisiangukie mchuzi.
Sijui. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi,
kila mara inatoka na baki.

Alhamisi nikamkuta benchi la kliniki, saa moja kasoro,
khanga ya kutokea, namba tatu mkononi.
Mimi nimetoka kitandani nusu saa iliyopita,
alama ya mto bado shavuni.

"Umeamka saa ngapi?"
Akacheka, mwanya wote nje.
"Saa tisa na nusu."

Nikavaa glavu.
Nilitaka kumuuliza
nani alimgongea sufuria.